Kadi ya Jumamosi

Marlys Engebretson hakuwa mtu wa kupendeza, na waliomsifu siku ya kumuaga walikuwa wanamsifu mtu mwingine. Alikuwa na sauti ya kufukuzia mbwa. Alitafuna ubani tangu anapoamka hadi anapolala, na ukimpa chakula kilichokosa chumvi alikuambia mbele za watu. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi, kwa hiyo niliambiwa mara nyingi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi katika kambi ya kiangazi ya watu wenye usonji, kaskazini mwa Minnesota, kando ya ziwa ambalo maji yake hayapati joto hata mwezi wa saba. Mimi jikoni, yeye na wanakambi wake.

Majira ya baridi aliendesha basi la shule kwenye theluji. Mumewe, Duane, alikwenda Arizona kutafuta joto kwa ajili ya mifupa yake, na huko akapata joto jingine linaloitwa Sherry. Mtoto hakuwa naye. Alisema watoto wa basi wanamtosha kwa sababu wanashuka.

Kambini alikuja kuosha vyombo chini yangu. Wiki ileile mwanakambi mmoja akamng'ata mlezi wake, kijana wa chuo, na yule kijana akafungasha akaenda zake kabla ya chakula cha jioni. Mkurugenzi akaja jikoni kuuliza kama kuna anayeweza kushika nafasi ile mpaka Jumamosi. Marlys akasema basi la shule limeshamzoesha kung'atwa, akavua aproni. Hakuivaa tena kiangazi kile, na mimi nikaosha vyombo mwenyewe.

Kazi ya mlezi pale si kuimba na kupiga makofi kama wanavyodhani watu wanaotuchangia. Ni kumwogesha mtu mzima asiyependa maji usoni, kumkatia nyama, kukaa naye sakafuni anapojipiga kichwa huku umeweka kiganja chako kati ya kichwa na ukuta. Na juu ya yote ni ubao. Kila mwanakambi alikuwa na ubao wake ukutani, wenye kadi za picha zinazonata: mswaki, mtumbwi, dawa, chakula, kitanda. Jambo likishafanyika, mwanakambi anabandua kadi yake na kuitia kwenye mfuko ulioning'inia chini, mfuko wa yaliyokwisha. Tulizungumza nao vivyo hivyo. Kwanza mswaki, halafu mtumbwi. Kwanza dawa, halafu keki. Mtu ambaye dunia humjia kwa vishindo, kila sauti na kila sura mpya ikimpiga kofi, pale ubaoni anapata mahali pa kushika. Marlys alikuwa mkali sana juu ya ubao. Mvua ikinyesha na mtumbwi ukaahirishwa, alimwita mwanakambi aje aone kwa macho yake kadi ikitolewa. Hakuna kilichobandikwa pale ambacho hakikutokea, na kama hakitatokea, lazima uambiwe.

Kadi ya mwisho kila wiki ilikuwa ya Jumamosi, siku ya kuondoka: picha ya mtu atakayekuja kukuchukua.

Leland Voss alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama na viatu vinavyong'arishwa kila asubuhi. Alikuwa wa Marlys tangu mwanzo. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi aliyaokota kwenye duka la vyakula alikokwenda na mama yake kila wiki. Akihangaika alitangaza kwa sauti ya kipaza sauti: "Wateja wapendwa, duka linakaribia kufungwa." Akiridhika alisema, "Asante kwa kununua nasi." Marlys alimjibu, "Asante nawe, rudisha toroli," na Leland alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa maji, alikwenda ubaoni akagusa kadi ya Jumamosi kwa kidole kimoja. Ilikuwa picha ya mama yake, Bernadine, amesimama kando ya gari la buluu. Akisha kuigusa, siku yake ilianza.

Mkurugenzi wa wakati huo aliitwa Trent Haugen. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, lakini ningesema uongo. Kaka yake Trent alikuwa na usonji, akafia katika taasisi moja ya serikali, na Trent alikuwa ameapa kwamba yeyote atakayeingia kambini kwake atapata wiki moja ya furaha katika mwaka, isiyo na chozi. Ndiyo maana tulikuwa na ile sheria: habari mbaya haziingii kambini. Kambi nyingi huku zina sheria ya namna hiyo. Familia ziliombwa zilete barua za kuchangamsha tu. Paka akifa, hukuandika kwamba paka amekufa. Wala hakuna aliyeona ajabu, maana watu wa kwetu ndivyo tulivyo. Nyumba ikiungua tunasema leo kuna kajoto.

Jumanne moja, baada ya chakula cha mchana, Trent akaingia jikoni akafunga mlango. Marlys alikuwa amekuja kuiba kahawa yangu.

"Mama yake Leland amefariki," Trent akasema. "Jana. Moyo umesimama. Jirani kamkuta kwenye bustani yake ya nyanya."

Marlys akaacha kutafuna. "Anazikwa lini?"

"Keshokutwa. Alhamisi." Trent akajifuta uso. "Nimezungumza na dada yake, Colleen. Anaomba tumwache Leland amalize wiki yake. Atamwambia mwenyewe Jumamosi, akija kumchukua."

"Kwa hiyo mama azikwe, mwanawe yuko hapa anakula keki."

"Marlys, anafurahi hapa. Colleen anaogopa atapiga kelele kanisani, watu wote wale."

"Kanisa gani, si hilohilo analokwenda kila Jumapili? Amekaa benchi lile tangu anavaa kaptula. Yeye ndiye anayegawa vitabu vya nyimbo."

"Si mimi niliyeamua."

"Ila umekubali."

"Colleen ndiye mlezi wake kisheria sasa. Unataka nifanyeje, nimwibe?"

"Nitampeleka mimi. Tutakaa nyuma kabisa. Akipiga kelele natoka naye. Na wale Walutheri hawajasikia mtu akilia kwa sauti tangu wabatizwe, itawasaidia."

Trent akatabasamu lile tabasamu lake la huzuni, akasema atafikiria, na kwa watu wa kwetu hilo ni jina jingine la hapana.

Marlys akachukua simu ya jikoni akampigia Colleen mwenyewe. Nilikuwa nakata vitunguu pembeni, na Colleen alikuwa analia kwa sauti, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Pole sana, Colleen. Mama yako alikuwa mtu wa maana."

"Asante. Marlys, najua unachotaka kusema."

"Basi nisiseme, wewe kubali tu."

"Siwezi. Nina jeneza la kuchagua, nina wageni, nina chakula cha kanisani, sina hata nguo nyeusi inayonitosha. Siwezi na Leland pia. Siku hiyo moja tu, niacheni nimlilie mama yangu bila kumwangalia Leland."

"Hutamwangalia wewe. Nitamwangalia mimi."

"Wote watamwangalia yeye. Kila siku ni yeye. Tangu nazaliwa ni yeye." Akapenga kamasi. "Na haelewi, Marlys. Kwa nini nimwumize kwa kitu asichokielewa?"

"Anaelewa Jumamosi," Marlys akasema. "Anajua nani anakuja Jumamosi."

Simu ikakatwa. Sikumlaumu Colleen wakati ule na simlaumu sana hata leo. Aliyenikera ni sisi, ambao hatukuwa na jeneza la kuchagua.

Jumatano asubuhi Marlys aliwahi bwenini kabla Leland hajaamka. Akabandua kadi ya Bernadine, akaitia mfukoni, akabandika mahali pake picha ya Colleen, ile iliyokuwa kwenye faili kwa ajili ya dharura. Nilifika na birika la kahawa ya walezi wakati Leland anatoka chumbani na viatu vyake vinavyong'aa. Akaenda moja kwa moja ubaoni, akanyoosha kidole, kidole kikabaki hewani.

"Mama Jumamosi," akasema.

"Kaa hapa, Leland," Marlys akamwambia. "Nina neno la kukuambia. Ni neno baya."

"Mama Jumamosi. Wateja wapendwa. Wateja wapendwa." Akaanza kujipiga kwenye paji la uso, kwanza kidogo, halafu kwa ngumi. Marlys akaweka kiganja chake, ngumi zikaanguka juu yake. Hakuacha kumwangalia.

"Leland. Mama yako..."

Trent alikuwa ameshaingia. Akamfikia Marlys, akachomoa kadi mfukoni mwake kama mtu anayemnyang'anya mtoto kiberiti, akambandua Colleen, akambandika Bernadine.

"Huyu hapa, Leland," akasema kwa upole. "Mama huyu hapa, yupo. Marlys amekosea tu."

Leland akaigusa kadi. Akaigusa tena. Mikono yake ikashuka, pumzi ikamrudia, na baada ya kitambo akasema, "Asante kwa kununua nasi." Lakini alimwambia Trent, wala hakumtazama Marlys.

"Unaona?" Trent akasema. "Ametulia."

Kabla ya chakula cha mchana Marlys alikuwa amerudishwa jikoni kwangu, na Leland amepewa kijana mmoja mpole wa chuo ambaye hakuambiwa lolote. Trent alisema ni kwa siku hizo tatu tu, na kwamba hamlaumu mtu. Marlys akavaa aproni. Mkono aliopigwa ulikuwa umevimba, akauzamisha kwenye maji ya vyombo.

Nilimuuliza kwa nini asimvizie tu Leland bafuni au njiani, amwambie yaishe.

"Nikimwambia na ubao unakataa," akasema, "ataamini nini, Verne? Ataamini ubao. Mimi ndiye niliyemfundisha auamini."

Alhamisi ilikuwa na jua zuri la kuchukiza. Dirisha la kuoshea vyombo linatazama ziwa. Wakati ambapo kule kanisani walikuwa wanamshusha Bernadine, Leland alikuwa katikati ya maji kwenye mtumbwi, amevaa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, na yule kijana anapiga kasia nyuma yake. Alikuwa anacheka. Trent alikuwa gatini anampiga picha. Marlys alisugua sufuria moja mpaka nikamwambia imetosha, itatoboka.

"Saa hizi wanaimba," akasema.

Nilitamani kumfariji, lakini mimi pia ni mtu wa kwetu. Nilimwuliza kama anataka kahawa. Akasema ndiyo. Jioni ile nilitoa keki ya chokoleti kama ilivyopangwa, na Leland akaomba kipande cha pili.

Basi ikaja Jumamosi. Tangu saa tatu magari yalikuwa yanaingia, wazazi wanashuka wakiwa wamefungua mikono, na kijana wa Leland akamwandaa: sanduku, kofia, viatu. Colleen akaja na gari la buluu la mama yake. Alidhani Leland atapoa akiona kitu anachokijua, masikini. Leland aliliona gari dirishani, akabandua kadi yake ubaoni akatoka mbio, nami sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

Akafika mlango wa dereva, akakuta Colleen. Akaitazama kadi, akalitazama gari, kisha akafungua mlango wa nyuma, hakuona mtu. Akazunguka, akafungua buti. Ndani kulikuwa na vyombo vya udongo vya majirani waliopeleka chakula msibani, vimeoshwa, vinasubiri kurudishwa kwa wenyewe. Leland akafunga buti taratibu. Akarudi ndani, akaibandika kadi mahali pake ubaoni, akakaa chini yake na sanduku mapajani.

Alikuwa sahihi. Jambo lisilofanyika, kadi yake haiingii mfukoni.

Colleen akamfuata, akapiga magoti mbele yake. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache. "Leland, mpenzi, mama amekwenda kwa Yesu."

Leland akafikiri. "Kwanza Yesu," akasema, "halafu Mama."

"Hapana, mpenzi. Amekwenda kukaa."

"Kwanza Yesu, halafu Mama. Jumamosi."

Wakajaribu wote. Colleen alijaribu kwa machozi na Trent kwa ule upole wake, kisha yule kijana akaleta keki. Wazazi wa wengine walipita na masanduku wakijifanya hawaoni. Magari yakaondoka moja baada ya jingine, ukumbi wa bweni ukabaki mtupu, na Leland amekaa palepale, hana hasira wala wasiwasi, anasubiri mama yake. Njia ya mwongo ni fupi, na sisi tulikuwa tumefika mwisho wake kabla ya chakula cha mchana.

Ndipo Trent akaja jikoni. "Tafadhali, Marlys," akasema.

Marlys hakugeuka. "Leo ndiyo unaniruhusu kusema?"

"Sema unachotaka. Ila njoo."

Akafuta mikono, akatema ubani kwenye karatasi, akaenda. Akakaa sakafuni mbele ya Leland, bila kumgusa.

"Leland. Mama amekufa," akasema. "Amekufa Jumatatu. Mwili wake haufanyi kazi tena. Wamemzika Alhamisi. Haji leo. Haji Jumamosi yoyote."

Leland hakupiga kelele. Midomo ikamcheza. Kisha akasema, "Alhamisi."

Akainuka, akaushusha mfuko wa yaliyokwisha, akaumwaga. Kadi za kila siku ya wiki zina ukingo wa rangi ya siku hiyo. Za Alhamisi zilikuwa za kijani. Akazitafuta moja moja katika lundo lile, akazipanga kwenye sakafu kwa utaratibu wake. Mswaki, dawa, mtumbwi, samaki, nyimbo, keki, kitanda. Akazipindua nyuma kuona kama kuna kingine. Akautikisa mfuko. Akazipanga upya.

"Alhamisi mtumbwi," akamwambia Marlys.

"Ndiyo," Marlys akasema, na sauti yake ya kufukuzia mbwa haikuwepo. "Ulikuwa kwenye mtumbwi. Mama alikuwa anazikwa. Tulijua. Hatukukuwekea kadi."

"Usimwambie hivyo," Colleen akasema.

"Nimwambie vipi?"

Leland alikuwa amegeukia ubao. Akaibandua kadi ya mama yake akaitia kwenye mfuko wa shati lake. Kisha akabandua zilizobaki, ile ya sanduku, ile ya kwaheri, hata vile vibao vya majina ya siku, akavipanga vyote juu ya meza, na ubao ukabaki mweupe. Akachukua sanduku lake akaenda kukaa kwenye gari, kiti cha nyuma, akafunga mkanda. Hakumtazama yeyote kati yetu.

Trent akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Amekubali."

"Hajakubali," Marlys akasema. "Ametuacha."

Kiangazi kilipokwisha tulimfanyia Marlys sherehe ya kumuaga, kwa sababu alikuwa amesema harudi. Trent alisoma hotuba nzuri sana, akalia kweli, na ile sheria ya habari mbaya ikaendelea kama ilivyokuwa. Marlys akala keki yangu, akasema imezidi sukari. Bado anaendesha basi. Mimi nilibaki kambini miaka mingine miwili, halafu mgongo ukanitoa.

Colleen anaishi mbali, ana watoto, hakuweza kumweka Leland. Nyumba ya Bernadine ikauzwa, Leland akapelekwa kwenye nyumba ya uangalizi mjini, wanakoishi watu wanne na wahudumu wa zamu. Marlys humtembelea Jumamosi, na mara moja nilikwenda naye. Ni mahali pasafi. Leland alikuwa mezani anang'arisha viatu. Alitusogezea viti na kukubali peremende tulizomletea. Marlys akamwambia, "Asante nawe, rudisha toroli," na yeye akaendelea na viatu.

Tulipoinuka Marlys akamwambia atakuja tena Jumamosi ijayo, na ninaapa hakuna mahali popote usoni pake palipobadilika. Ukutani kwake hakukuwa na ubao. Wahudumu walisema walimtengenezea mmoja mzuri alipofika, akawa anabandua kila kitu na kupanga mezani, mpaka wakaacha.

Msichana wa zamu alitusindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa mchangamfu, na alitaka Marlys aondoke na moyo mweupe.

"Msiwe na wasiwasi naye, ameendelea vizuri mno," akasema. "Wengine hapa wanatuchosha kwa kuuliza nani anakuja, anakuja lini. Leland tangu aje hajamsubiri mtu hata mara moja."